Kuizunguka Pemba kwa baiskeli: kutoka Mkoani hadi Konde kwa anayeanza

Maswali ni yale yale. Vilima vya Pemba vinapandika? Nije na baiskeli ya resi au ya mlima? Nianzie Mkoani au Wete? Siku mbili zinatosha? Anayeuliza leo ni kijana wa Dar aliyezoea kwenda Bagamoyo na kurudi Jumapili, kesho ni mtu wa Mombasa, na hakosi mmoja aliyezaliwa Maskati ambaye babu yake alitoka Wete na anataka kuuona mji huo kwa mwendo wa taratibu. Haya hapa majibu yote kwa mpigo.

Kwanza ondoa hesabu ya kilomita kichwani. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi na upana usiofika 25. Ukiitazama kwenye ramani utajiambia unaimaliza kabla ya adhuhuri, na hapo ndipo wageni wengi wanapoumbuka. Mlima haupo, na hata kilima kirefu kuliko vyote hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini tambarare nayo ni ya kutafuta. Barabara inapanda kwenye mikarafuu, inashuka bondeni kwenye mpunga, inavuka kijito, inapanda tena, na kila unapodhani umefika juu unakiona kingine mbele. Aliyezoea barabara za Unguja za kwenda Paje au Nungwi, ambako unakanyaga saa nzima bila kugusa gia, anaingia Pemba na kasi ile ile, na kilima cha kumi kinamkalisha chini ya mwembe. Panga safari yako kwa saa na kwa vilima. Kilomita 30 kwa siku zinamtosha kabisa anayeanza, na zinamwachia mchana wa kuutembea mji aliofikia.

Siku nne za kuendesha ndizo ninazowashauri watu, na ya tano ya kurudi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Baiskeli yoyote yenye gia inafaa, mradi ile gia nyepesi kabisa iwe nyepesi kweli. Baiskeli ya lami yenye tairi za milimita 28 hadi 35 ndiyo nzuri kuliko zote hapa. Za resi zenye tairi nyembamba za 23 zitakufikisha Wete, lakini kwenye vipande vya kifusi na mchanga huko kaskazini utazibeba begani. Ya mlima yenye tairi za matuta inafika kila mahali, ila inakunyonya nguvu kwenye lami. Kama ndiyo uliyo nayo, ivishe tairi laini.

Baiskeli za kukodi zipo kwa baadhi ya nyumba za wageni za Chake Chake, ambayo watu huiita Chake tu, na Wete. Nyingi ni za kazi, nzito, mara nyingine hazina gia. Ukikodi, jaribu breki zote mbili mbele ya mwenyewe kabla hujatoa pesa.

Vifaa vidogo:

- Tyubu mbili za akiba za saizi ya tairi zako. Mafundi na maduka ya Chake na Wete wamezoea tyubu za baiskeli za kawaida, kwa hiyo za baiskeli ya resi usitegemee kuzikuta.
- Viraka, solusheni, kipande cha msasa, na vijiti viwili vya plastiki vya kung'olea tairi.
- Pampu inayokubali valvu zako. Kama ni zile nyembamba za resi zenye kinati juu, nunua kile kifuniko kidogo cha shaba kinachozigeuza zikubali pampu ya kawaida. Hakizidi uzito wa kokwa ya tende, na bila hicho fundi wa kijijini atakutazama tu.
- Spana za L, bisibisi, kiungo kimoja cha mnyororo, na kichupa cha mafuta ya cherehani.
- Chupa mbili za maji, jumla isipungue lita moja na nusu, na pakiti tatu nne za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini.
- Helmeti, taa nyekundu ya nyuma, na nguo ya rangi inayoonekana. Chini ya mikarafuu kuna kivuli kizito, na dereva anayetoka kwenye jua kali hakuoni mapema.
- Kitambulisho, na fedha taslimu za noti ndogo ndogo. Benki utazipata Chake. Vijijini ni taslimu au wakala wa simu. Kama wewe ni mgeni kutoka nje ya Tanzania, tangu Oktoba 2024 unatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, basi imalize kabla ya kupanda boti.

Mavazi nayaweka peke yake kwa sababu watu huyasahau. Kaptula za kubana za baiskeli ni vazi la kazi, sawa, lakini Pemba ni nchi ya watu wanaojistahi. Vaa juu yake kaptula pana inayovuka magoti, au suruali nyepesi. Wanawake wengi huendesha kwa suruali pana na shati refu, na mtandio unaofungwa chini ya helmeti. Beba kikoi au kanga pia. Utaifunga unaposhuka kununua chai, utaikalia, utajifutia jasho, na siku ya mvua utafunikia mzigo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi, mwelekeo utafuata. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, achana nayo. Kusi inapovuma, Juni hadi Septemba, panda kutoka Mkoani kwenda Konde ili upepo ukusukume. Ukija wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, geuza: anza kaskazini, malizia Mkoani bandarini. Mwongozo huu nimeuandika kwa mwelekeo wa kusi, kwa kuwa miezi hiyo haina joto kali. Ukija kaskazi, soma hatua kuanzia chini kwenda juu.

Mwezi wa Ramadhani unaweza kuendesha, ila jua kwamba mchana hakuna mgahawa uliofunguliwa, na kula au kunywa hadharani hakufai hata kama wewe hufungi. Anayeanza asijaribu.

2. Rekebisha kiti ukiwa nyumbani. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiti cha chini ndicho kinachoharibu magoti ya watu kwenye vilima vya Pemba, halafu wanasingizia umri.

Kisha tafuta kilima kimoja mtaani kwenu, upande mara sita mfululizo. Ukishindwa cha nne, ahirisha safari wiki tatu na uendelee kupanda.

3. Vuka na baiskeli yako. Boti za Unguja kwenda Mkoani hupokea baiskeli kama mzigo. Fika mapema, lipia mzigo ukate risiti, na uifunge mwenyewe kwa kamba mbili mahali ambapo haitaegemewa na magunia. Geuza ile mashine ya gia ya nyuma iangalie ukutani. Hiyo ndiyo inayopindwa kwanza, na ikipindwa safari imekwisha kabla haijaanza. Mkondo wa Pemba huchafuka, hasa kusi, kwa hiyo kula kidogo kabla ya kupanda. Anayetapika njia nzima hafai kuendesha siku hiyo. Alale Mkoani, kesho ipo.

4. Mkoani hadi Chake: kama kilomita 30. Kosa la siku ya kwanza hutokea dakika tano baada ya kushuka botini. Mji wa Mkoani umejengwa ubavuni mwa kilima, bandari chini, mji juu, na barabara ya kutoka bandarini inapanda moja kwa moja. Abiria wote wanakutazama, bodaboda zinapita, nawe unataka kuwaonyesha. Acha. Weka gia nyepesi kabla hujapanda hata baiskeli yenyewe, au isukume kwa miguu hadi juu. Utaona wazee wa hapa wenye Phoenix zisizo na gia, karia limebeba mihogo magunia mawili, wanashuka kila kilima na kusukuma bila kuona haya, na jioni wanafika.

Endesha kushoto. Ukisikia honi nyuma yako, shika mstari wako. Dereva wa daladala anakwambia tu kwamba yupo. Anachokichukia ni mtu anayeyumba.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu mwanga unapokamilika, ili ifikapo saa tano uwe kivulini. Saa moja barabara inajaa watoto wa skuli, sare nyeupe kila upande, na wengi watakukimbilia wakitaka kugongana mikono nawe. Punguza mwendo, pungia mkono, usinyooshe wako ukiwa kasi. Mtambile ni mahali pazuri pa kusimama: kuna chai, maandazi, na njia panda ya kwenda Kengeja. Kengeja ni moja ya sehemu zinazochezwa mchezo wa ng'ombe, ambao wengi husema uliachwa na Wareno. Ukisikia unachezwa siku hiyo, ahirisha Chake, huo hauonekani kila wiki.

5. Jifunze kilima kabla hakijakufunza. Hatua hii ina maneno mengi kwa sababu ndiyo Pemba yenyewe.

Mbele, duara dogo la meno ndilo jepesi. Nyuma, duara kubwa ndilo jepesi. Watu hulichanganya hili kila siku. Badilisha gia ukiwa bado bondeni, mguu ukiwa unazunguka bila mzigo. Ukingoja hadi ukwame katikati ya kilima, unakanyaga kwa nguvu zote huku mnyororo ukijaribu kuruka, na hapo ndipo unapokatika.

Ukipanda, kaa. Kusimama juu ya pedali kunapendeza, lakini kunamaliza mapaja kwa dakika mbili. Zungusha miguu haraka kwa gia nyepesi kuliko unavyoona ni heshima. Kipimo ni maongezi: kama huwezi kumjibu mtu aliyekaa barazani "Marahaba" au "Waalaykumu salaam" kwa pumzi moja, unakwenda mbio mno. Na salamu zitakuwa nyingi, usizipite kimya.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Barabara inashuka, inakata kona, na chini ya kona kuna daraja jembamba, ng'ombe, au daladala inayoshusha abiria. Breki zifinywe kabla ya kona, zote mbili pamoja, kwa kufinya na kuachia. Ukifinya ya mbele peke yake ukiwa ndani ya kona, utakwenda chini. Kilima kinachofuata usikitamani kwa kuukimbilia mteremko. Kasi ile inakusaidia mita hamsini tu halafu inakwisha.

Msimu wa karafuu una hatari yake. Wanaotoka shambani huanika pembeni mwa lami, kwa kuwa lami ina joto. Utakuta jamvi baada ya jamvi, karafuu mbichi zenye rangi ya kijani na wekundu upande huu, zilizokauka hudhurungi upande ule, na mama mmoja anapita katikati akiburuza unyayo kuzigeuza. Harufu yake inakufikia kabla hujaona jamvi. Hiyo ni pesa ya mtu. Usipite juu hata kwa tairi moja, hata kama lori linakubana. Simama kabisa liishe kupita. Na ukitaka kupiga picha, omba. Nyingi ya karafuu za Zanzibar zinatoka kisiwa hiki tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mashamba ya Unguja, na hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC. Mtu usiyemjua akikupa fuko ulivushe, kataa kwa adabu, lisije likawa la magendo.

6. Chake: pumzika, kisha nenda Pujini bila mzigo. Chake imekaa juu ya kilima, kwa hiyo mwisho wa siku ni kupanda tena, usishangae. Mchana tembelea ngome kongwe iliyobaki pembeni mwa mji. Ndani yake kuna makumbusho ya Pemba, na saa moja inatosha kuelewa karibu kila jina utakaloliona njiani. Jioni chakula kiko barabarani: pweza, mishkaki, mkate wa kumimina, chapati, na juisi ya miwa yenye ndimu.

Siku ya pili acha mzigo nyumba ya wageni, uende Pujini, kama kilomita 10 kusini mashariki. Huko kuna mabaki ya boma la Mkama Ndume la karne ya 15 hivi, mtawala ambaye masimulizi ya Pemba yanamkumbuka kwa ukatili. Wanasema aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijiburuza kwa makalio. Utaonyeshwa pia kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane kuteka maji. Njia ya mwisho ni ya shamba, ya udongo. Baada ya mvua inakuwa utelezi, na mwenye tairi nyembamba atembee. Ulizia mara mbili njiani, maana vijia vinagawanyika. Ras Mkumbuu, magharibi mwa Chake, kuna msikiti na makaburi ya kale pia, lakini njia yake ni mbaya kwa baiskeli ya lami. Nenda kwa mashua au usiende.

7. Chake hadi Wete kwa barabara ya zamani. Barabara ziko mbili kuelekea kaskazini. Ile ya mashariki ni pana na ina magari mengi, ya magharibi ni ya zamani na inapita mashambani. Kwa baiskeli, ya magharibi haina mpinzani. Vilima vyake ni vifupi na vya karibu karibu, na kivuli ni kingi. Barabara kuu za Pemba zimekuwa zikijengwa upya miaka hii, kwa hiyo jioni kabla ya kuondoka waulize madereva pale stendi ya Chake ni kipande gani kina vumbi na kifusi. Wanaijua hali ya leo. Ramani ya simu inaijua ya mwaka juzi.

Njiani kata kona kwenda Kidike, kijiji kinachohifadhi popo wa Pemba, wale wakubwa wenye mabawa mapana ambao hawapatikani popote pengine duniani. Waliwindwa hadi wakakaribia kwisha, kisha wanavijiji wakaanza kuwalinda. Mchana wanalala wakining'inia mitini, wanapigana vikumbo na kupiga kelele. Kiingilio kipo, lipa. Pesa hiyo ndiyo inayowafanya popo wawe na faida wakiwa hai.

8. Wete. Mji mtulivu, barabara kuu ndefu inayoteremkia bandarini, majengo ya enzi za Waingereza yamejipanga pande zote. Shuka hadi bandarini jioni utazame ng'ambo ya maji. Kule ni Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 ziliibuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za karne ya 11 hivi, zenye majina ya watawala wa pwani hii hii. Kukanyaga huko kunategemea maji kupwa na kunahitaji mwenyeji. Baiskeli inabaki Wete. Kwa aliyekuja kutafuta ukoo, usianze na simu mkononi. Kaa kwenye baraza la kahawa baada ya alasiri, sema "Assalaam alaykum", kunywa kikombe, kisha ndipo utaje jina la babu. Kabla ya magharibi utakuwa umeshapata angalau mtu anayemjua mtu.

9. Wete hadi Konde, kisha Ngezi. Ondoka mapema zaidi, kwa kuwa baada ya Konde maduka yanapungua. Jaza chupa zote Konde, nunua ndizi na maandazi. Mbele yake ni msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu mkubwa uliowahi kukifunika kisiwa, na barabara inapita katikati yake. Joto linashuka ghafla, na kuna unyevunyevu chini, kwa hiyo endesha polepole. Baada ya msitu unaweza kuendelea Makangale na Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, au kukata kulia kwenda pwani ya Vumawimbi. Njia za pwani zina mchanga. Punguza upepo wa tairi kidogo, au teremka usukume, na kumbuka kuujaza tena ukirudi lamini. Saa nane mchana iwe ndiyo mwisho wa kwenda mbele: ulipofika hapo, geuka.

10. Rudi kwa upande wa mashariki. Siku ya mwisho, kutoka Konde fuata barabara kuu ya kwenda Chake, upitie Tumbe uone samaki wakinadiwa asubuhi, na Chwaka yenye mabaki ya mji wa kale, msikiti wake na makaburi ya Wamazrui. Hao ni wale wale Wamazrui wa Mombasa waliokishika kisiwa hiki hadi miaka ya 1820. Barabara ni pana na daladala zinakwenda kasi, basi endesha kwa mstari mmoja mkiwa wengi, na siku ya Ijumaa panga uwe umesimama saa sita na nusu. Watu wanajaa nje ya misikiti, magari yanaegeshwa kiholela, nawe huna haraka.

Mambo yakiharibika

*Pancha zinarudi kila baada ya kilomita chache.* Hujatoa kilichochoma. Vua tairi lote, pitisha vidole ndani taratibu, utakuta mwiba au kiwaya chembamba. Kama tyubu ina matundu mawili yanayokaribiana sambamba, upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana kwenye shimo. Jaza hadi kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

*Gia zinaruka zenyewe kilimani.* Zungusha kile kipipa kidogo kwenye waya wa gia, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, huku ukijaribu. Zikiendelea, tazama kutoka nyuma kama mashine ya gia imepinda kuelekea ndani. Usiinyooshe kwa mikono barabarani; tumia gia za katikati tu hadi kwa fundi, vinginevyo itaingia kwenye spoku.

*Breki zinalia, hazishiki.* Kama ni za mpira, vumbi jekundu limeganda. Futa rimu kwa kitambaa kikavu, sugua mpira kwa msasa. Usipake mafuta, ingawa kuna mtu njiani atakushauri hivyo.

*Goti linauma mbele.* Pandisha kiti sentimita moja, tumia gia nyepesi zaidi. Likiuma nyuma ya goti, kishushe kidogo.

*Kichwa kinagonga, jasho limekauka, unasikia baridi juani.* Hilo si la kuvumilia. Kaa kivulini, lowesha kikoi ujifunike kichwa na shingo, kunywa ORS kidogo kidogo. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, simamisha gari lolote mumpeleke hospitali: Mkoani ipo ya Abdalla Mzee, na Chake na Wete zipo. Namba ya dharura ni 112.

*Mvua imekukuta.* Dakika kumi za kwanza ndizo zenye utelezi mkubwa kuliko zote. Piga hodi baraza la karibu, utakaribishwa, na huenda ukaletewa shelisheli la kuchoma.

*Giza linaingia na bado uko njiani.* Usiendeshe. Daladala nyingi hubeba baiskeli juu ya paa kwa nauli ya ziada mnayokubaliana. Mwambie utingo ailaze upande usio na mashine ya gia, ufunge mwenyewe kwa kamba zako, na ukae mahali unapoiona ikiteremshwa. Za jioni huadimika mapema kuliko za Unguja, kwa hiyo ikifika saa kumi na moja na hujauona mji, anza kuinua mkono.